Mchezo wa Sayari na Makosa Yake

Katika shule nyingi habari za Jua na sayari zake hufundishwa hivi: mtoto mmoja husimama katikati ya uwanja, naye huitwa Jua, wengine wanane humzunguka wakiimba majina yao. Mchezo huu wapendeza, nao watoto huyashika majina upesi. Walakini una kosa kubwa, tena ni kosa lisiloonekana na mwalimu, kwa kuwa watoto wafurahi.

Kosa lenyewe ni la vipimo. Mtoto hutoka uwanjani akiamini ya kuwa Zohali ni jirani wa Dunia, na ya kuwa Jua laipita Dunia kama kaka ampitavyo mdogo wake. Afadhali mwalimu atwae mpira wa matambara, upana wake sentimeta 14, auweke mlangoni pa shule. Huo ndio Jua. Basi Dunia ni punje ya ulezi, na mahali pake ni mita 15 kutoka kwenye mpira. Mwezi ni chembe ya mchanga kando ya ulezi, kwa upana wa vidole viwili tu. Mshtarii ni njugu mawe, mita 78. Neptuni (ambayo wengine huiita Kausi, na Kausi ni jina la kundi la nyota!) ni punje ya choroko, mita 450: mtoto aichukuaye atafika mashambani, hata akiitwa hasikii. Na nyota iliyo karibu nasi kupita zote baada ya Jua? Tukianza kupima hapa Mpanda, ingekuwa Kairo katika nchi ya Misri.

Wako wasemao hadithi za wazee ziachwe, maana ni uongo. Hapo sikubali. Makabila mengi ya Kibantu humwita Zuhura mke wa Mwezi. Mtoto aliyesikia hayo hutazama magharibi jioni ili amwone huyo mke. Akidumu kutazama miezi michache atatambua mwenyewe ya kuwa mke hamfuati mume: Mwezi hupita mbingu yote, bali Zuhura hakai mbali na Jua, wala haonekani usiku wa manane. Ataka kujua sababu. Ndipo apelekwe uwanjani, aone ya kuwa njia ya Zuhura i ndani ya njia ya Dunia. Asiyesikia hadithi hana la kuuliza. Lakini mwalimu aanzaye kwa kusema wazee walidanganya, humrudisha mtoto nyumbani akimdharau babu yake, na sayari hajazijua.

Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa likabaki pete, na njia ya kivuli ilipita pande za Katavi ikashuka hata Rujewa. Neno hili “kupatwa” lenyewe ni hadithi, kana kwamba Jua limekamatwa na mtu. Kulieleza si kazi ngumu. Mtoto asimame mbali kidogo na ule mpira, afumbe jicho moja, ashike njugu mawe mbele ya jicho la pili: mpira watoweka wote. Akiisogeza mbali polepole, ukingo wa mpira hutokea pande zote kama pete. Na siku ile Mwezi ulikuwa mbali hivyo.

Walakini mchezo huu ufanywe kwa mpira tu. Jua lenyewe, hata likipatwa, huunguza jicho litazamalo bila kinga, na mtoto hasikii maumivu yo yote wakati linapoungua.