ThinkPad X270 mu kazi ya biro: miaka mbili nayo

Wadogo wenye wametoka kumaliza masomo wananiuliza kila mara: "Yaya, ninunue mashini gani?" Juu siku hizi unapata kazi ya biro, wanakupa meza na kiti, mashini unakuja nayo wewe. Mimi naijua moja tu vizuri, Lenovo ThinkPad X270, na miaka mbili nayo hapa Bukavu inanipa haki ya kuisifu na kuisema vibaya.

Ilitoka mwaka 2017. Ni ndogo, kioo cha inchi 12.5, uzito karibu kilo moja na nusu. Sura haina. Siku ya kwanza nilipoitoa mu sakoshi, mwenzangu wa finanse aliniuliza kama niliirizi kwa baba. Yeye alikuwa na moja nyembamba, yenye kung'aa kama sahani ya wageni. Tulicheka wote. Kisha mwisho wa mwezi ukafika.

Umeme ulikatika asubuhi, jenereta haikuwa na mazutu, na ripoti ya wafadhili ilipaswa kutoka mbele ya jioni. Saa ya muchana ile sahani ikazimika. X270 iko na batri mbili: moja ndani, ingine nyuma yenye unatoa kwa mukono. Mashini inakula kwanza ile ya nyuma. Ikikwisha, unaivuta, unaweka ingine, na ile ya ndani inashikilia kazi. Excel inabaki wazi vile vile. Nilikuwa na batri ya akiba mu sakoshi. Nikamaliza yangu, mwenzangu akaleta flashi yake, akamalizia yake kwangu. Hakuuliza tena habari ya baba.

Lakini musinunue kwa sababu ya hadithi hiyo tu. Hizi mashini ni za okazioni, na batri inazeeka. Yangu muuzaji aliapa kwamba ni mupya. Nilipofika nyumbani niliandika powercfg /batteryreport mu dirisha jeusi la amri, ripoti ikatoka: batri ya ndani ilitengenezwa kubeba mWh 23,000 na kitu, imebaki 9,000. Fanyeni hiyo pale pale ku duka, mbele ya kutoa dola. Muuzaji akikataa, funga pochi.

Klavye ndiyo napenda kuliko yote. Vidole vinashuka vizuri, unaandika kurasa kumi bila kuchoka. Ila angalia inatoka wapi. Zile za Ubelgiji ziko AZERTY, na kwa sisi wenye kuandika ripoti kwa Kifaransa, é na ç na à ziko mahali pake. Ile ya QWERTY unaweza kuipangia Kifaransa mu Windows, lakini herufi zenye zimechorwa hazitafuatana na zenye zinatoka. Sekretere mupya atalia wiki nzima.

Sasa kioo. Hapa sitaihurumia. Nyingi ziko na kioo cha 1366 kwa 768, na rangi zinageuka ukiinamisha kidogo tu. Kwa barua, sawa. Kwa Excel, ni mutego. Nilituma bajeti yenye safu mbili zilikuwa nje ya kioo, sikuziona, jumla ikawa mbaya, direktere akanisomea mbele ya watu wote. Kosa ni langu, najua. Lakini tangu siku ile nasema: tafuta yenye 1920 kwa 1080, hata ukiongeza kidogo. Herufi zitakuwa ndogo, utazikuza. Kamera nayo ni ya kukuonyesha kama muzimu mu reinyo, tupite.

Matundu yako ya kutosha: kebo ya intaneti inaingia moja kwa moja, HDMI iko, USB za kawaida mbili, na ile ndogo ya USB-C yenye inaweza kuchaji. VGA haina, kwa hiyo kama projekta ya biro ni ya zamani, beba adapta.

Kinachouma zaidi ni Windows. Microsoft iliacha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za X270 hazimo mu orodha ya Windows 11. Wauzaji wanakuambia "kumi na moja iko ndani". Ndiyo, waliiingiza kwa nguvu, na inatembea, lakini hakuna mwenye anakuhakikishia masahihisho ya usalama. Kama kazi yako ni kushika mafaili ya wagonjwa au mishahara ya watu, mimi sikushauri hiyo njia. Mimi nilihamia Linux na LibreOffice. Barua na jedwali za kawaida, hakuna shida. Fomu za wafadhili zenye makro za Excel, zinavunjika, nakwenda kuomba mashini ya mwenzangu wa finanse. Ndiyo, yeye yule.

X280 ya 2018, nyingi zinaingia Windows 11 bila vita. Ila batri iko ndani, huwezi kuibadilisha ukiwa kazini, na RAM imechomelewa: ukinunua yenye GB 4, utakufa na 4. Ya X270 unafungua chini, unaweka kipande cha 8 au 16.

Mudogo wangu mumoja alichukua X280 wiki iliyopita, ya GB 8. Sikumukataza. Biro yao iko na sola.