Mapambo ya Noeli: Tunda Limebaki, Mkate Umesahaulika

Kila mwaka Majilio yakianza, maduka ya Butembo hujaa vitu vya kung'aa. Wafanyabiashara wetu wanajulikana kwa safari zao za Dubai na China. Mizigo yao hupita bandari ya Mombasa, ikavuka mpaka wa Kasindi, na ndani yake haikosekani mipira midogo myekundu, ya dhahabu na ya fedha, ya kutundika katika mti wa Noeli. Tunaiona madukani, nyumbani mwa watu na hata karibu na altare. Basi yafaa tuipime. Pambo hili limetoka wapi? Lina maana gani? Nasi tunalitumia vema au vibaya?

Tuanze na mti. Katika mji wa Sélestat, nchi ya Alsace ambayo leo ni ya Ufaransa, kuna maandishi ya mwaka 1521 yanayotaja miti ya Noeli. Katika nchi hizo tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Eva. Watu walionyesha mchezo wa Paradiso, na katikati wakasimamisha mti usiopoteza majani wakati wa baridi, umetundikwa matofaa. Mwaka 1605 msafiri mmoja aliandika kwamba watu wa Strasbourg huweka miti nyumbani na kutundika maua ya karatasi, matofaa, vitu vitamu, na mikate myembamba kama hostia.

Mtu aliyefundishwa katekisimu ataelewa upesi. Tunda lakumbusha dhambi ya wazazi wetu wa kwanza. Mkate wakumbusha Yule aliyekuja kutuokoa, aliyezaliwa Betlehemu, mji ambao jina lake ni Nyumba ya Mkate. Kitabu cha Mwanzo hakisemi kwamba tunda lile lilikuwa tofaa. Lakini kwa Kilatini neno *malum* ni tofaa na pia ni uovu, na hivyo Wakristo wa Magharibi wakazoea kulichora tofaa. Mti ule, basi, ulikuwa somo zima: anguko na wokovu katika tawi moja.

Kioo kilikuja baadaye. Katika milima ya Thuringia, Ujerumani, kuna kijiji kiitwacho Lauscha, ambacho kimefanya kazi ya kioo tangu mwaka 1597. Katika karne ya 19 mafundi wake walianza kupuliza mipira ya kioo kwa ajili ya mti. Husimuliwa kwamba fundi mmoja maskini alikosa fedha za kununua matofaa kwa watoto wake, akayatengeneza kwa kioo. Huko Goetzenbruck, upande wa Lorraine, husimuliwa jambo linalofanana nalo: mwaka 1858 ukame uliharibu matunda, na fundi akapuliza matofaa ya kioo. Hadithi hizi ni nzuri, lakini tusizisome kana kwamba ni historia iliyothibitishwa. Lililo hakika ni kwamba mpira wa kioo ulichukua nafasi ya tunda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jamaa nzima. Baba alipasha moto mrija wa kioo mpaka ukalainika, akaupuliza ukavimba. Mama alitia ndani maji ya dawa ya fedha ili mpira ung'ae kama kioo cha kujitazamia, kisha akaupaka rangi, na watoto wakasaidia. Halafu wanawake wakabeba bidhaa hizo katika vikapu mgongoni, wakatembea kwa miguu mpaka mji wa Sonneberg, kwa wafanyabiashara wenye kununua. Sisi tunaowaona mama zetu wa milima ya Lubero wakishuka sokoni na mzigo mgongoni, kamba ikiwa imepita juu ya paji la uso, hatuhitaji kuelezwa uchovu wao. Katika miaka ya 1880 tajiri wa Marekani, F. W. Woolworth, alianza kuiuza mipira hiyo katika maduka yake, na biashara ikakua sana. Tena si mara ya kwanza kioo cha Ulaya kufika kwetu: shanga za Bohemia ziliuzwa Afrika kwa wingi, na bibi zetu walizivaa bila kuuliza zimetoka wapi.

Sasa tutoe hukumu yetu. Wako wanaosema, "Hayo ni mambo ya Wazungu, tuyatupe." Hatukubaliani nao. Pambo lililotoka katika mikono ya maskini, lenye maana ya imani, si adui wa Kanisa. Tangu mwaka 1982, wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili, mti wa Noeli husimamishwa katika uwanja wa Mtakatifu Petro huko Roma, pamoja na pango la Mtoto Yesu.

Lakini tuangalie neno lile, "pamoja na pango." Hapa ndipo kosa la kwanza. Katika nyumba nyingi za mjini mti umelifukuza pango. Mtakatifu Fransisko alipotengeneza hori huko Greccio mwaka 1223, alitumia majani makavu, ng'ombe na punda. Mambo ambayo kila mkulima wetu anayajua. Pango halihitaji kontena. Udongo, majani ya migomba na mikono ya watoto vyatosha. Mtu anayenunua mipira hamsini na kukosa nafasi ya Mtoto Yesu amepamba mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Tunda limebaki, tena limepakwa dhahabu, bali mkate umesahaulika. Tumetundika alama ya dhambi iking'aa, tukaondoa alama ya wokovu. Nasi tunakaa wapi? Tunakaa katika nchi ambamo tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa mashambani na vijijini mwao. Tarehe 25 Desemba 2021, siku yenyewe ya Noeli, bomu lililipuka katika mgahawa mjini Beni na watu wakafa. Mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, jamaa nyingi zilikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Mpira wa kioo ukianguka huvunjika mara moja, na mama wa Beni anajua kuwa sikukuu nayo huvunjika hivyo hivyo.

Mtu atatuuliza, "Je, watoto wasifurahi?" Wafurahi! Mtoto aliyesikia milio ya bunduki anahitaji kuona kitu kizuri kuliko mwingine yeyote. Twasema tu kwamba furaha ya macho isile fedha ya chakula cha jirani.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wazazi, kwa wakatekista wenzetu na kwa jumuiya ndogo za Kikristo. Mwenye mipira aitundike, na awaeleze watoto habari ya Adamu. Asiye nayo akate tawi la mberoshi na kutundika maracuja na machungwa. Kwa kufanya hivyo atakuwa karibu zaidi na desturi ya zamani kuliko mwenye plastiki. Halafu chini ya mti, mbele ya pango, liwekwe kapu, na kila jamaa ilete kitu: maharagwe, unga, viazi, chumvi. Baada ya Misa ya usiku kapu lipelekwe kwa jamaa za wakimbizi waliopokelewa katika mtaa. Hapo mkate utakuwa umerudi katika mti, na mtoto akiuliza maana ya mapambo, baba atakuwa na jibu la kumwonyesha.

Twawatakia nyote Noeli ya amani.