Inama Utazame Shingo

Juzi, kwenye maonyesho ya bustani, mmea wa ZZ ulipewa nafasi ya kwanza kwa sababu majani yake yaling'aa kama viatu vya bwana harusi. Yamepakwa mafuta! Stomata, vitundu vya jani vya kupumulia, zimezibwa, watu wanapiga picha, na mwamuzi hakuinama hata mara moja.

Kuinama ndiyo kazi yenyewe. Mgeni wa maua hutazama majani. Mjuzi hutazama shingo, pale mmea unapotokea udongoni. Kwa ZZ, usihesabu mabua. Minya poti ya plastiki ubavuni. Ikiwa ngumu, imevimba hadi imepoteza uduara, viazi vya chini ya udongo vimejaa, lipa. Ikibonyea, nenda zako. Dar es Salaam nilimjua muuzaji wa kando ya barabara aliyekata mabua kwenye mmea mama, akayachomeka kwa wingi katika poti moja na kuyauza jioni ileile. Bua la ZZ lililokatwa hukaa kijani kwa miezi, kwa hiyo mteja hakurudi kugombana. Ungelivuta, lingechomoka safi, bila mzizi.

Saintpaulia nayo, lile ua dogo la poti, inua majani ya chini kwa kidole. Iliyo bora imekalia udongo, majani yamejipanga duara. Iliyochoka ina shingo ndefu yenye makovu, na wajanja huifukia kwa mboji mpya. Mzee mmoja wa Lushoto alizifukia pia, lakini hakuuza hata moja kabla shingo haijatoa mizizi. Vumbi la majani alilitoa kwa brashi ya kunyolea ndevu.

Zote mbili ni za kwetu. Saintpaulia ilitoka Usambara, ikapelekwa Ujerumani mwaka 1892 na afisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire. ZZ huota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini.

Uchague upi? Saintpaulia imezoea miamba yenye kivuli na unyevu, hivyo inamtaka mtu anayeshinda nyumbani: maji ya vuguvugu kwenye sahani, yanayobaki baada ya nusu saa yamwagwe, mwanga wa dirishani, jua kali hapana. Maji baridi yakidondokea jani, doa halitoki. Joto la Februari la pwani huitesa. ZZ unataka kusahauliwa hadi udongo ukauke mpaka chini. Mwenye mkono wa huruma, anayemwagilia kila apitapo, atauozesha.

Kwangu mimi, saintpaulia ya kweli ni ya zambarau iliyokolea, petali tano, basi. Zile za tabaka na kingo nyeupe ni mapambo ya keki. Bibi zetu walipanda saintpaulia kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyotobolewa kwa msumari, na jani la mbegu liliombwa kwa jirani, halikuuzwa.

Jani hilo hutoa vichanga katika miezi michache; jani moja dogo la ZZ huweza kumaliza karibu mwaka kabla ya kuchipua. Basi ukiona ZZ uliojaa unauzwa kwa bei ya saintpaulia, muulize muuzaji ameukata lini.