Uhakiki wa Kurasa Nne

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Leo ninahakiki kurasa nne ambazo hakuna mhadhiri atakayetutahini juu yake: mwongozo wa Kiswahili wa kufikia hifadhi ya mafaili ya chuo ukiwa mbali. Nimeuchagua kwa sababu ulinikalisha siku tatu bila kazi.

Nilikuwa nyumbani Kasese wakati wa likizo. Rekodi za utafiti wangu, mazungumzo ya wachuuzi wa soko la Mpondwe mpakani na Kongo, zilikuwa kwenye seva ya chuo Kampala, na msimamizi wangu alikuwa akisubiri sura ya nne siku ya Ijumaa.

Nianze na msamiati. Kitu kimoja kinaitwa nenosiri katika ukurasa wa kwanza, nywila katika wa pili na neno la siri katika wa tatu. Msomaji anayejifunza lugha, kama wengi wetu hapa Uganda, atadhani anadaiwa vitu vitatu. Hilo linasameheka. Lisilosameheka ni "chora ramani ya kiendeshi". Mfasiri ameona neno la Kiingereza lenye maana ya ramani, akalibeba zima zima. Hakuna ramani inayochorwa. Kinachofanyika ni kuiunganisha folda ya chuo na kompyuta yako na kuipa herufi, tuseme Z, ili ionekane kama diski nyingine. "Unganisha folda, ipe herufi": maneno manne, nami nisingepoteza asubuhi nzima.

Halafu kuna mikwaju. Tunaambiwa tuanze na mikwaju miwili, bila kuambiwa inalalia upande gani. Kwenye Windows anwani huanza na \\. Kwenye Mac huandikwa smb:// na hiyo mingine. Ukikosea, kompyuta inakujibu tu kwamba haioni kitu.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya mwongozo huu ni ya hadhira. Umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye mbali, lakini mwandishi wake hakutoka chuoni hata kwa mawazo. VPN inatajwa katika ukurasa wa tatu, baada ya hatua zote za kuunganisha, kwa sentensi moja: "Ukiwa nje, washa VPN kwanza." Kwanza, katika ukurasa wa tatu! Jina la seva yetu halitambuliki nje ya mtandao wa chuo. Hata lingetambulika, kampuni nyingi za intaneti huziba mlango namba 445 ambao mafaili ya aina hii hupitia, kwa kuwa virusi kama WannaCry vya Mei 2017 vilisambaa kwa njia hiyo hiyo.

VPN nikaiwasha. Mganda gani asiyeijua? Tuliizoea Julai 2018, kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoanza, tukaihitaji tena Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Niliwasha hiyo hiyo ya bure, ikanipeleka Uholanzi. Kwa seva ya chuo, mtu wa Uholanzi ni mgeni sawa na mtu wa Kasese. VPN ya namna ile hukutoa nchini; ya chuo hukuingiza chuoni. Jina ni moja, kazi ni tofauti, na mwongozo haukugusia hilo. Aliyenieleza ni mwenzangu wa darasa, kwa simu.

Niutendee haki: ukurasa wa mwisho una sentensi nzuri sana. Unaonya tusifungue rekodi kubwa moja kwa moja, bali tuinakili kwanza. Saa moja ya sauti ya WAV yenye ubora wa CD ni takriban MB 635. Ukiisikiliza kupitia mtandao unaokatika, unaanza upya na bando linayeyuka. Sentensi hiyo imeandikwa na mtu aliyewahi kununua bando kwa fedha zake.

Rekodi nilizipata Alhamisi usiku. Muhula ulipofunguliwa nilimpelekea mfasiri nakala yangu, ukurasa wa tatu nimeuandika namba moja kwa kalamu nyekundu. Aliicheka ile ramani yake mwenyewe, akaahidi kurekebisha. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote: "Kwani huko Kasese mtandao upo?"