Wanaowapa Viumbe wa Hekaya Rangi Zao

Tangu mwaka 1993, mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering umejengwa juu ya rangi tano: nyeupe ya sheria na jamii, buluu ya maarifa, nyeusi ya tamaa na mauti, nyekundu ya hasira na hamu, kijani ya maumbile. Kuna watu ambao kazi yao ni kuamua kila kiumbe aingie wapi.

Hidra huwa kijani, kwa kuwa vichwa vyake huchipua tena kama matawi. Minotauro ni mwekundu. Sfinksi wa mafumbo ni wa buluu. Hapo kazi ni nyepesi. Ugumu huanza hesabu ya kadi inapodai kila rangi ipate haki yake: mwaka 2013, toleo la Theros lilipochota hekaya za Wagiriki, bahari ilileta viumbe tele, na haiwezekani wote wawe buluu huku rangi nyingine zikibaki na njaa. Tena kijani kwa kawaida hakina warukao wengi. Ukikigawia majoka ovyo, umekipa silaha iliyokusudiwa kikose, na mchezo umeharibika.

Ninachokiheshimu zaidi ni ujasiri wa watu hao wanaogawa rangi. Wanyonya damu walizoeleka kuwa weusi. Katika toleo la Ixalan, mwaka 2017, wengine walifanywa weupe, kwa sababu kule ni washika dini wenye nidhamu. Mtoto anayecheza huelewa hayo bila kuelezwa.

Ukishika kadi, soma rangi yake kabla ya picha. Mtu aliifikiria.