Ng'ombe Walitoka Wapi?

Kufuatilia ukoo ni kazi inayodharauliwa kutoka pande mbili. Wasomi wengi huiona ni porojo za wazee, na vijana huiona ni jambo la msibani, la kukumbukwa tu pale panapotokea ugomvi wa shamba au mirathi. Mimi nauona ni ufundi kamili, kama wa seremala: una vifaa vyake, una vipimo vyake, na kazi mbovu hutambulika. Na ukitaka kuuona ufundi huo ukifanya kazi ngumu kuliko zote, uutazame katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Hii ni nchi ya mpakani tangu kale, kabla Mwingereza na Mjerumani hawajachora mstari wao. Mbuga iko upande mmoja, ziwa upande mwingine, na katikati wamepita wawindaji, wafugaji, wakulima, wakimbizi wa njaa na watoto waliolelewa na wasio wazazi wao. Koo za hapa zimejengwa na watu waliofika na wakapokelewa. Kwa hiyo fundi wa nasaba anayejua kazi yake hatafuti damu safi. Anatafuta viungo: nani alimpokea nani, kwa mahari gani, na katika nyumba ya mama yupi.

Ugumu wa kwanza ni majina. Kwa Wakurya hakuna jina la ukoo linalobaki lilelile kizazi hadi kizazi. Kijana ni Chacha Mwita, baba yake ni Mwita Marwa, na babu huenda alikuwa Marwa Chacha. Na mtaa wa pili yupo Chacha Mwita mwingine asiye ndugu yake kabisa. Anayefuata jina peke yake atamwunganisha mtu na babu wa watu wengine, tena kwa kujiamini. Ndiyo maana fundi hulisikiliza lile tajo la majina ya kiume, huliandika, kisha huuliza swali linalofungua kila mlango: ng'ombe walitoka wapi? Katika desturi ya Kikurya, ng'ombe wa mahari ya binti huhesabiwa kuwa njia ya kaka yake wa tumbo moja kuoa. Dada na kaka hao hubaki wameunganishwa na mifugo hiyo maisha yao yote. Mzee anaweza kuwa amesahau mwaka wa harusi yake, lakini hasahau ni dada yupi aliyemletea ng'ombe, dada huyo aliolewa kwa nani, ni mtamba gani aliyebaki deni, na zizi la nani lilipokea wanyama hao. Katika mji wa mitala, swali hilohilo linatenganisha nyumba na nyumba, kwa sababu kila mke ana nyumba yake na ng'ombe wa nyumba yake, na watoto wa baba mmoja hujipanga kwa mama zao. Zaidi ya hayo, kila jibu lina shahidi wa pili. Ukoo uliotoa unakumbuka na ukoo uliopokea unakumbuka, na kwa kuwa deni la ng'ombe halizeeki, upande wa pili hauna sababu ya kukubali uongo.

Kipimo kingine ni vizazi. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel alieleza mfumo huu mwaka 1962 katika jarida la Africa, na wazee wa mila wa Tarime walikuwa wakiutumia muda mrefu kabla yake. Wakurya wamegawanyika pande mbili, Saai na Chuma. Upande mmoja una vizazi vya Maina, Nyambureti, Gamunyere na Saai. Upande wa pili una Mairabe, Gini, Nyangi na Chuma. Mtoto huzaliwa upande wa baba yake na huingia kizazi kinachofuata kile cha baba, na majina manne yakiisha huanza upya. Tazama maana yake kwa fundi. Orodha ikimweka baba katika Nyangi na mwanawe katika Maina, hapo pana kasoro, kwa kuwa wawili hao wako pande tofauti. Ikiwaweka baba na mwana katika kizazi kimoja, kuna jina limerukwa. Juu ya vizazi kuna marika ya tohara, ambayo kila moja lina jina lake, na jina la rika humwambia fundi nani alimtangulia nani hata kama hakuna cheti cha kuzaliwa. Mabibi nao hujulikana kwa marika yao. Hapa niseme wazi kwamba kisu kilichowapitia kilikuwa madhara, na sheria ya mwaka 1998 imeharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Kumbukumbu ya rika inaweza kuandikwa na kuheshimiwa bila mjukuu yeyote kupelekwa kwa ngariba.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni maneno ya mdomo, na maneno ya mdomo hunyooka kadiri msimulizi anavyotaka. Hoja hiyo ina uzito. Mwanahistoria David Henige alitoa kitabu kizima mwaka 1974 akionyesha jinsi simulizi za nasaba zinavyorefushwa na kufupishwa, hasa pale ambapo urefu wa orodha unampa mtu haki ya kutawala. Naikubali hoja yake, na naona ndiyo inayotutaka tuwe na vipimo. Orodha ndefu ya watawala inafaidisha mtawala. Hesabu ya ng'ombe ina mdai na mdaiwa, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Fundi mwaminifu hujua pia pa kusimama. Akishavuka vizazi vinne au vitano, huacha kuandika nasaba na huanza kuandika simulizi ya asili, na huvitenganisha viwili hivyo kwenye daftari lake.

Wengine watasema karatasi ingetosha kama tungekuwa nayo, kama Wamarekani wanavyofuata familia zao za mpakani kwa hati za ardhi na wosia. Hata huko karatasi ni haba kuliko tunavyodhani. Sensa za Marekani kuanzia 1790 hadi 1840 zilimtaja mkuu wa kaya tu. Mke, watoto na watumwa walikuwa idadi. Ndiyo maana Lyman Draper, aliyefariki mwaka 1891, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatafuta wazee wa mpakani na watoto wao, akiwauliza na kuandika, na shehena ya karatasi zake imehifadhiwa Wisconsin hadi leo. Sisi nasi tunazo karatasi, na zinahitaji jicho hilohilo. Kodi ya nyumba ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1898 ilimhesabu mwanamume kwa vibanda vyake, hivyo inaweza kukudokezea alikuwa na wake wangapi, lakini haitakutajia jina la hata mmoja. Vitabu vya ubatizo vina majina ya mama, ila vinaanza pale misheni zilipofika. Wamenoni, kwa mfano, walianza Shirati mwaka 1934, sehemu ambayo sasa iko Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Makaratasi ya Hans Cory, aliyeandika juu ya umilikaji wa ardhi Bukurya mwaka 1947, yamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na wazee wa Mara wenyewe waliandika kwa Kiswahili: mkusanyo uliochapishwa mwaka 2003 una maandiko yao, ikiwamo historia ya Ikizu na Sizaki ya P. M. Mturi na S. Sasora. Karatasi hizi ni shahidi mmoja miongoni mwa wengi. Mpaka wa kikoloni umezigawa koo zenyewe pia: Wanyabasi, Wairege na Wakira wako Tanzania na Kenya, kwa hiyo anayeishia kwenye nyaraka za nchi moja ameandika nusu ya ukoo.

Siku hizi pingamizi kubwa zaidi linatoka maabara. Kipimo cha vinasaba, wanasema, kitamaliza ubishi wote. Kitamaliza ubishi wa aina moja tu. Mkoani Mara kuna nyumba ntobhu, ndoa ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kuoa mke, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake, wakibeba jina na kurithi. Mwanamume aliyewazaa hana nafasi katika ukoo huo. Maabara ikichukua mate ya mjukuu wa nyumba hiyo itamtaja babu ambaye hakutoa ng'ombe wala hakumwachia shamba, na itamfuta bibi aliyetoa mahari, aliyeusimamisha mji na kuulinda usife. Nyumba ntobhu ina matatizo yake, na mabinti wadogo wameumizwa ndani yake. Hilo halifai kufichwa. Lakini mwandishi wa nasaba akimfuta bibi yule kwa sababu damu yake haimo, ameandika uongo kuhusu ukoo ulivyoishi. Vinasaba vinajua nani alizaa. Ukoo ni hesabu ya nani aliwajibika.

Ukishuka Serengeti, viungo hivyo vinaonekana katika kabila zima. Wanata husimulia kwamba wametokana na Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mwanamke mkulima: njia mbili za maisha zilizokutana. Waikoma husimulia asili ya Sonjo, na pembe takatifu za ndovu, Machaba, walizozipata kwa mtabiri wa Wadatoga. Kisha ikaja miaka ya 1890, na sotoka, ndui, njaa na mashambulizi ya Wamasai vikaja pamoja. Watu walikimbilia Usukumani, wengine wakatoa watoto ili wapate nafaka. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007, ameonyesha jinsi waliobaki walivyojipanga upya kwa makundi ya rika, Bongirate, Busaai na Borumarancha, badala ya maeneo ya koo. Karibu kila nasaba ya huku ina mshono mahali hapo, na nasaba isiyo na mshono huo naitilia shaka. Aliyebobea kuuona ni mwanamke. Wanaume hukabidhiwa simulizi ya ukoo, lakini mwanamke amezaliwa ukoo mmoja na kuishi mwingine. Anajua nani alikuja akiwa mtoto, kwa nafaka kiasi gani, na kwa nini anaitwa mjomba. Fundi anayewahoji wazee wa kiume peke yao amerudi na tajo la majina, basi.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote kwa mtu wa Tarime: kwamba kufukua koo ni kuchochea uhasama, katika nchi ambako koo zimepigana kwa mapanga na mishale na nyumba zimechomwa. Uoga huo naufahamu na siupuuzi. Hata hivyo, kinachotumika kuwasha vita ni nasaba iliyofanywa vibaya, ile inayodai kwamba sisi tulikuwa hapa peke yetu na wale ni wageni. Nasaba iliyofanywa kwa ufundi huwataja kina mama, na kina mama walitoka kwa wale tunaowaita wageni. Kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani, hakuna ukoo uliojizaa wenyewe. Kijana anayejua kwamba ng'ombe waliomwoza babu yake walitoka upande wa pili wa bonde ana jambo la kuwaza kabla hajashika upinde.

Kazi hii haina muda mrefu. Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, ilifunga mahame ya wengi ndani ya mipaka yake, na Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwatoa wengine kwenye miji iliyozungushiwa minyaa, wakaacha mawe ya kusagia na makaburi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule leo amevuka 70, na ndiye wa mwisho anayeweza kusimama hameni akaonyesha nyumba ya kila mke ilikuwa wapi. Kama wewe ni mwenyeji wa huko na bibi yako yu hai, mwulize na uandike majina ya dada zake na mahali kila mmoja alikoolewa. Anza mwezi huu.