Mvamizi na Mvamiwa katika Toleo la Kwanza la 2000 AD

Wanaolitaja jarida la katuni la 2000 AD aghalabu humtaja Judge Dredd, wakasahau kwamba katika toleo la kwanza mhusika huyo hayumo. Toleo hilo lilichapishwa na kampuni ya IPC mjini London likiwa na tarehe ya 26 Februari 1977, kwa bei ya peni 8, na ndani yake mlikuwa na zawadi ya kisahani cha plastiki cha kurusha hewani. Dredd alifuata wiki moja baadaye. Nia ya makala haya ni kulisoma toleo hilo la kwanza kama matini moja, na kuonyesha kwamba hadithi yake iitwayo "Invasion!", ambayo ikisomwa peke yake ni hafifu na yenye chuki dhidi ya wageni, hupata uzito mwingine isomwapo sambamba na "Flesh", iliyochapishwa katika toleo lilo hilo.

Mazingira ya kuzaliwa kwa jarida hili yanaeleza mengi. Mwaka 1976 kampuni hiyo ilikuwa na jarida jingine la katuni, Action, ambalo lilizua kelele kubwa kwa sababu ya ukatili wake hata likasimamishwa kwa muda na kurudi likiwa limepunguzwa makali. Pat Mills, aliyekuwa muasisi wa Action, ndiye pia aliyelisuka 2000 AD. Bunilizi ya kisayansi ilimpa stara: damu iliyokatazwa katika mitaa ya leo ingeweza kumwagwa bila kelele nyingi katika mwaka 1999, au katika zama za dinosaria.

"Invasion!" imewekwa katika mwaka huo wa 1999. Majeshi ya Wavolga yanatoka mashariki na kuiteka Uingereza. Bill Savage, dereva wa lori wa mashariki ya London, anarudi nyumbani na kukuta nyumba yake imebomolewa, mkewe na watoto wake wameuawa. Anashika bunduki ya marisau na kuanza kulipiza kisasi. Wavolga hawa hapo awali walikusudiwa kuwa Warusi. Jina lilibadilishwa kabla ya kuchapishwa, lakini hakuna msomaji aliyedanganyika. Hali kadhalika, kiongozi mwanamke anayeuawa na wavamizi mapema katika hadithi anafanana waziwazi na Margaret Thatcher, ambaye mwaka 1977 alikuwa kiongozi wa upinzani bungeni.

Kifani, hadithi hii haina mengi ya kusifiwa. Maneno ni machache na makali, maadui hawana nafsi, na kila sehemu inamalizikia pale pale: Mvolga amekufa, Savage yu hai. Uchoraji wa Mhispania Jesús Blasco una ustadi mkubwa kuliko masimulizi. Jambo moja tu la kimaudhui linastahili kutuliwa, nalo ni la kitabaka. Savage hana cheo wala elimu ya kijeshi, lakini baadaye Silk, afisa wa jeshi wa tabaka la juu, hujikuta akimfuata dereva huyo. Katika nchi ambamo matamshi ya mtu yalitosha kumweka mahali pake, jambo hilo si dogo.

Lakini ni nani hasa anayevamiwa hapa? Dhana ya Uingereza iliyovamiwa haikuanza na Mills. George Chesney aliiandika mwaka 1871 katika The Battle of Dorking, na H. G. Wells akaipeleka mbali zaidi mwaka 1898 katika The War of the Worlds. Tofauti iliyopo ni kubwa. Wells, kabla hata ya kuwaonyesha watu wa Mirihi wakiwaua Waingereza, anamkumbusha msomaji jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Uvamizi katika kitabu chake ni kioo. Katika "Invasion!" kioo hicho kimeondolewa ukutani. Waingereza wa mwaka 1999 wanateseka kana kwamba taifa lao halijawahi kukanyaga ardhi ya mtu.

Msomaji wa Kenya hawezi kulipita pengo hilo kimya. Siku nane tu zingekamilisha tofauti kati ya miaka ishirini ya kunyongwa kwa Dedan Kimathi, tarehe 18 Februari 1957, na tarehe iliyo kwenye jalada la toleo hili. Mtu anayejificha, anayevizia askari wa dola iliyoitwaa nchi yake, mwenye silaha duni na kiapo cha kisasi, aliitwa gaidi na magazeti ya Uingereza katika miaka ya 1950. Mtu huyo huyo, alipopewa ngozi nyeupe na lori, akawa shujaa wa watoto. Sidai kwamba Mills au Gerry Finley-Day, aliyeandika sehemu kubwa ya hadithi hii, walimfikiria Kimathi. Ninadai kwamba hawakumfikiria, na kwamba kutomfikiria huko ndiko kunakoifanya hadithi iwezekane.

Hapo ndipo "Flesh" inapoingia. Katika karne ya 23 mifugo imekwisha duniani, na kampuni moja kubwa inawatuma watu warudi nyuma katika wakati, zaidi ya miaka milioni 60, wakawawinde dinosaria na kupeleka nyama yao kwa walaji wa baadaye. Watu hawa wamevalishwa kama wachunga ng'ombe wa Marekani. Wana kambi, mitambo ya kuchinjia, na imani kwamba nchi waliyoifikia ni tupu kwa kuwa waliomo hawasemi. Huu ni ukoloni mtupu, ila badala ya bahari umevuka wakati: malighafi inatoka kwao, walaji wako kwetu, na hesabu inafungwa katika ofisi ya mbali. Aidha, Mills anafanya kitu ambacho "Invasion!" haithubutu. Anampa mnyama hoja. Tiranosaria jike mwenye jicho moja anakuwa, sehemu baada ya sehemu, mhusika mwenye kumbukumbu na kisasi, hata kambi ya wanadamu inapobomolewa msomaji hajui tena amshangilie nani.

Mtoto aliyenunua toleo hili kwa peni 8 alifunua kurasa chache akatoka kuwa mvamiwa akawa mvamizi. Hakuna hata mstari mmoja unaozifunga hadithi hizi mbili. Mshono ni wa msomaji. Ndiyo sababu uhakiki unaozichomoa katuni hizi na kuzisoma moja moja, kama inavyofanyika zinapokusanywa upya katika vitabu, hupoteza kitu cha msingi. Hadithi nyingine tatu, yaani "Dan Dare" iliyofufuliwa kutoka jarida la Eagle la mwaka 1950, "M.A.C.H. 1" na "Harlem Heroes", hazigusi sana hoja hii, ingawa ya mwisho, yenye wanamichezo weusi kama mashujaa, ingestahili makala yake.

Kuna kejeli moja zaidi. Mhariri wa jarida hili, kwa mujibu wa jarida lenyewe, ni Tharg, kiumbe wa kijani aliyekuja kutoka nyota ya mbali, anayewaita wasomaji vijitu vya dunia, na ambaye waandishi na wachoraji wake waligeuzwa kuwa mashine za kazi. Katika toleo la kwanza majina yao halisi hayakuchapishwa. Mgeni ametwaa ofisi mjini London, anatawala, wenyeji wanamfanyia kazi bila majina, na watoto wa Kiingereza wanampenda.

Mills alimrudia Bill Savage mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya majeshi ya Uingereza kuingia Iraki.